Mistari Minne

"Kobe, unanisikia? Msomi ametoka mbio. Bomu limeshawekwa."

"Liko wapi?"

"Hatujui."

Lini walijua kitu, wale wa makao makuu, na viyoyozi vyao? Kobe aliikaba pikipiki yake ya Yamaha, akapenya katikati ya malori mawili kama uzi kwenye tundu la sindano. Gari la kijivu lilikuwa mita hamsini mbele. Ndani yake alikuwemo Msomi, jasusi wa nchi jirani, mwenye shahada tatu na miwani ya dhahabu.

Gari lilikata kona vibaya.

Likakumbatia ukuta.

Kobe alimvuta Msomi kwa ukosi, bastola ya Bereta ikimgusa shavu. Msomi alicheka, meno yana damu.

"Saa sita kamili mishale ikikutana, kwaheri. Kimbia, mzee."

Ilikuwa saa sita kasorobo.

Kobe alimfunga pingu kwenye usukani, akafungua buti. Ndani ya blanketi kulikuwa na uso wa saa: bati jeupe, namba za Kirumi, rangi inayong'aa gizani. Kazi ile aliijua. Marehemu mkewe alichora nyuso nne za namna hiyo kwa ajili ya Ukumbi wa Baraza. Mmoja ukiwa hapa, basi ukutani kuna wa bandia.

Alichora kiwandani miaka kumi na mmoja, akiilamba brashi ili ncha ichongoke, kama walivyofundishwa. Rangi ile ilikuwa na sumu, ikamla taya mpaka akafa. Meneja wa kiwanda akaandika kwenye taarifa ya kifo: meno mabovu. Leo meneja yule ni Waziri, na saa ile alikuwa akihutubia ukumbini.

"Makao makuu, ni Ukumbi wa Baraza. Watoeni watu."

"Waziri amekataa. Hotuba inarushwa moja kwa moja."

Kobe alitukana tusi moja fupi, akafunga uso ule na blanketi lake kwa kamba nyuma ya pikipiki, akaondoka.

Ukumbini kulikuwa na watu mia tatu. Saa nne, kila ukuta moja, zote zimesafishwa wiki iliyopita, zote zinafanana kama mayai. Ngazi ilikuwa moja.

Dakika tatu.

Alisimama katikati, akazitazama kama alivyofundishwa kwenye meza ya jikoni, mke ana brashi mdomoni. "Wenye vitabu wanaandika nne kwa V," alikuwa akimwambia. "Sisi tunapiga mistari minne, ilingane uzito na nane ya ng'ambo. Uso ukielemea upande mmoja, jicho linachoka, baba."

Ukuta wa kwanza: IIII. Wa pili: IIII. Wa tatu, IIII.

Wa nne, juu ya kichwa cha Waziri: IV.

Msomi alikuwa amemsahihisha mwanamke aliyeishia darasa la nne.

Kobe alipandisha ngazi jukwaani, hotuba ikakatika. Walinzi wakamrukia, akawaonyesha kitambulisho kwa mkono mmoja na bastola kwa mwingine, wakaelewa kimojawapo. Akafungua kioo. Nyuma ya mishale kulikuwa na nyaya mbili nyembamba, zikisubiri kubusiana.

Dakika moja.

Aliukunja mshale wa dakika mpaka ukavunjika. Kisha koleo. Waya mwekundu, tiki. Mweusi, tiki.

Watu walipokwisha kuelewa na kukimbia, Waziri alibaki ameegemea meza, jasho limelowesha kola.

"Umeniokoa, ndugu yangu. Sema unataka nini."

"Mke wangu alikufa kwa meno mabovu. Uliandika wewe."

Waziri aliitazama ile saa, kisha sakafu.

"Siku zile nilisaini mengi."

"Aliyekuokoa ni yeye," alisema Kobe. "Laiti angeniuliza kwanza."

Akashuka jukwaani taratibu, koleo mfukoni. Nje jua lilikuwa utosini. Redio ikakoroma: makao makuu wanampongeza, tena wanamkumbusha kwamba uso ule wa saa ni mali ya serikali, aurudishe kabla ya jioni.

Kobe aliichomoa redio sikioni, akaidondosha kwenye mtaro.

Akakaza kamba ya blanketi, akawasha pikipiki, akaenda zake nyumbani na mali ya mkewe.