Habari Aliyokatazwa Kuandika

Soko la Thika lilifurika Jumamosi ile ya mwaka wa 1954, na ndani ya duka la Mhindi mmoja mikono miwili ilishika boksi moja la chaki. Mmoja ulikuwa wa Wangeci, mwalimu kutoka Ruiru, aliyevaa gauni la buluu lililopigwa pasi hadi likakaa sawa, na kitambaa cheupe kichwani. Wa pili ulikuwa wa Jared Opiyo, kijana mrefu aliyenukia mananasi, kwa maana alikuwa fundi wa makasha ya mbao katika kiwanda cha mananasi.

"Dada, hii chaki ni ya kutia alama kwenye mbao," Jared alisema.

"Yangu ni ya kutia akili kwenye vichwa. Achilia."

Jared alicheka akaachilia. "Mbao zangu hazina haraka, Mwalimu. Shule yako iko wapi? Mimi huandikia gazeti habari za huku kwetu."

Uso wa Wangeci ulibadilika. "Basi hujaniona," alisema, akatoka mbio.

Jared alimfuata hadi stesheni. "Mwalimu, ngoja! Sitaki habari. Nataka jina tu."

"La shule?"

"Lako."

Wangeci alikuwa na sababu ya kuogopa. Shule iliyojengwa na wazazi wa watoto kule Ruiru ilikuwa imefungwa na serikali ya kikoloni tangu Hali ya Hatari ianze, na watoto walikuwa wakirandaranda mashambani. Mchungaji Ephantus, mzee wa upara na kicheko kikubwa, alimpa Wangeci ghala la kanisa lake, naye Wangeci akafundisha humo bila kibali. Kukamatwa kulikuwa ni suala la muda tu.

Hata hivyo, alimtajia Jared jina lake na la kwao Ruiru, na Jumapili iliyofuata Jared alifika huko kwa baiskeli, amefunga nyuma benchi alilolitengeneza kwa mbao za makasha yaliyovunjika. Jumapili nyingine akaleta jingine.

"Wewe unanitongoza kwa mabenchi?" Wangeci alimuuliza.

"Wengine huleta maua. Maua yatakaliwa na nani?"

"Hĩ! Mwanamume huyu!" Alicheka mpaka akashika kiuno.

Wakapendana. Jared alimwita jaber, mrembo, kwa lugha ya kwao. Wangeci alimwita fundi wangu, na mama yake, Wakonyo, alijifanya hasikii.

Kisha ikaja baridi ya Julai. Mabenchi hayakutosha, wadogo walikaa chini kwenye udongo, na msichana mmoja, Ngendo, alikohoa hadi akatolewa darasani amebebwa.

"Watu wakijua, watasaidia," Jared alisema. "Acha niandike."

"Watu wakijua, tutafungwa. Nakukataza, Jared. Umesikia?"

Jared alinyamaza. Wangeci akadhani amekubali.

Habari ilitoka gazetini bila jina la mtu wala la kanisa: watoto karibu na Ruiru wanasoma wakiwa wameketi kwenye udongo baridi, mwenye moyo na asaidie. Na wenye moyo walijitokeza. Jared aliwapokea Thika, akafikisha mablanketi na vibao vya kuandikia kwa Mchungaji. Alipoulizwa vimetoka wapi, alisema ni marafiki wa kiwandani. Ngendo alirudi darasani amejifunika blanketi jekundu. Wangeci aliimba siku nzima.

Asubuhi moja homugadi, askari wasaidizi wa serikali, walifuata njia ya mablanketi wakalizunguka ghala. Watoto walitawanywa kwa viboko, Mchungaji akatiwa pingu. Kule kituoni Wangeci alisomewa ile habari kwa sauti, naye akaitambua kila sentensi kama anavyoitambua sauti ya mtu gizani. Alipoachiliwa, aliambiwa kwamba hatafundisha tena popote.

Jared alipiga simu kwenye duka la Ruiru, akaomba aitiwe Mwalimu.

"Jaber, ni mimi."

"Ni wewe, ndiyo. Gazeti lilikulipa?"

"Nani anilipe? Niliandika kwa ajili ya Ngendo! Sikutaja—"

"Nilikukataza."

"Nilidhani—"

"Ulidhani! Mimi ndiye niliyewaona wakipigwa." Alirudisha simu, akamshukuru mwenye duka kwa adabu, akalia njia nzima hadi nyumbani.

Kesho yake Jared hakwenda kazini. Alienda kwa Bwana DO, mkuu wa tarafa, akasema, "Aliyeandika ni mimi. Vitu nilileta mimi. Mzee hakujua lolote." Walimpiga, wakamfungia wiki kadhaa, na kiwanda kikampa mtu mwingine nafasi yake. Alipotoka, uso ukiwa bado umevimba, alienda misheni ya Thika. Mkuu wa misheni alikuwa ameisoma ile habari. Alimsikiliza, kisha akaomba kibali cha kufungua shule Ruiru chini ya kanisa lake. Alipewa, kwa sharti kwamba walimu wa zamani wasikanyage darasani.

Wangeci alisikia hayo yote kwa Mchungaji Ephantus, aliyerudi amekonda, kicheko kimepungua.

"Mimi nilitolewa kwa sababu alijitaja," mzee alisema. "Alikosa, binti yangu. Lakini hakukimbia kosa lake."

Shule ilipofunguliwa, Wangeci aliomba kazi iliyobaki, ya kupika uji. Huko jikoni ndiko Jared alikomkuta, mwalimu wake amefunga aproni ya gunia, anakoroga sufuria kubwa, moshi ukimtoa machozi. Jared alisimama mlangoni, machozi yakimtoka.

"Usilie kwenye uji wa watoto," Wangeci alisema.

"Nimekunyang'anya darasa lako."

"Ndiyo. Umeninyang'anya." Aliendelea kukoroga. Ng'ambo ya ukuta watoto walikuwa wakisoma kwa pamoja. "Sikia wanavyokosea. Huyo mwalimu wao mpya anawaharakisha."

"Wangeci, nataka kukuoa."

Mwiko ulisimama. "Bado nina hasira, Jared. Naamka nayo, nalala nayo."

"Basi niende?"

"Nani amesema uende?" Alilitazama kovu juu ya jicho lake, akaligusa kwa pindo la aproni, polepole. "Pengine hasira hii itakaa miaka. Utaiweza?"

"Nitakaa nayo nyumba moja."

"Njoo Jumapili kwa mama. Umuulize yeye. Halafu uniulize mimi, na safari hii nikisema hapana, iwe hapana."

"Na ukisema ndiyo?"

Kengele ililia, watoto wakamiminika na vikombe vyao, Ngendo mbele. Wangeci alimpa Jared upawa.

"Anza na wadogo," alisema.