Valeriani na Gari la Chama Mchangani

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Valeriani aliosha gari. Halikuwa lake. Lilikuwa Landrova la chama cha wakulima wa kahawa pale Mbinga. Lakini ungemwona anavyolisugua, ungedhani amelizaa yeye! Enzi hizo za Waingereza magari yalikuwa ya kuhesabu, na madereva pia. Valeriani alilijua hilo, na hata mwendo wake ulionyesha.

Matairi aliyajaza upepo mpaka yakawa magumu kama jiwe. Barabara za milimani zina mawe makali, na tairi laini hukatika. Akiingia kwenye tope, alikanyaga mafuta kwa nguvu mpaka gari litoke. Huo ndio udereva aliojifunza, na milimani ulimtosha.

Siku moja mwenyekiti wa chama alimwita.

"Valeriani, shuka ziwani ukalete usipa. Vibarua wa kahawa wanataka kitoweo. Nasikia ukweni kwako wanavua sana."

"Ndiyo, mzee."

"Lakini angalia gari. Tunalo hili moja tu. Likiharibika, usirudi hapa kuulizia kazi."

Mkewe, Avelina, alifurahi mno. Kwao ni ufukweni, upande wa Ngumbo. Walimwacha binti yao Hildegardi kwa bibi yake mzaa baba, wakapakia unga, sufuria na turubai. Turubai lilikuwa la lazima. Mkwe wa kiume halali nyumbani kwa mama mkwe wake, ni aibu kubwa. Na usipa, wale dagaa wadogo wa ziwani, huanikwa siku mbili ndipo wakauke vizuri. Kwa hiyo Valeriani na mkewe wangepiga kambi ufukweni.

Avelina aliimba njia nzima. Valeriani alinuna njia nzima. Kisa? Kijijini kule aliishi Florian.

Florian huyo aliwahi kupeleka posa kwa kina Avelina, kabla ya Valeriani. Isitoshe, wakati wa vita aliendesha malori ya jeshi kwenye mchanga wa Somalia. Valeriani aliyasikia hayo siku ya harusi yake, na hakuyasahau. Miaka sita alikaa nayo rohoni. Hakuwahi kumuuliza mkewe posa ile iliishaje. Aliogopa jibu.

Kutoka barabarani mpaka kijijini hapakuwa na njia ya gari, ila ufukwe wenyewe. Valeriani alipita pembeni kabisa mwa maji, mahali mchanga ulipolowa na kushikana. Gari likateleza kwa raha.

"Unaona?" alimwambia mkewe. "Mchanga ni kitu gani bwana!"

Akaegesha papo hapo, hatua chache kutoka kwenye maji, akafunga turubai kando ya gari. Mara akaja mwanamume mrefu, suruali ameikunja magotini.

"Karibuni, karibuni! Habari za milimani, shemeji? Avelina, umenawiri dada!"

Alikuwa Florian. Avelina akacheka. Kicheko kile kilimchoma Valeriani kama pilipili jichoni.

"Nzuri," alijibu kwa mkato.

Florian akalitazama gari, akabonyeza tairi kwa kidole gumba.

"Shemeji, matairi haya ni magumu mno. Kwenye mchanga mkavu yatachimba shimo. Punguza upepo. Tairi likibonyea kidogo hukanyaga mchanga kwa upana, halizami."

"Nitoe upepo wa gari la chama?" Valeriani akang'aka. "Ili nirudi Mbinga kwa miguu?"

"Ukifika barabarani unajaza tena. Pampu si unayo? Na hapa hapafai kambi. Unauona ule mstari wa matete na vijiti kule juu? Ziwa ndilo limeviacha pale. Upepo wa mwera ukivuma, mawimbi hufika pale pale. Hamia juu ya mstari, wewe na gari lako."

"Asante. Nimesikia."

Kusikia alisikia. Kutii, ng'o! Florian alipoondoka, Valeriani alimgeukia mkewe. "Anataka gari liharibike ili achukue kazi yangu. Kazi tu, au na kingine?"

Avelina akamgeuzia mgongo. Akaendelea kuchekecha unga.

Kesho yake asubuhi, baada ya uji, Valeriani alifukia makaa kwa mchanga, kama walivyozoea nyumbani kufukia kwa udongo. Florian akapita na ndoo ya maji. Akamwaga maji pale. Chwaaa! Mvuke ukaruka.

"Mchanga hutunza moto," alisema. "Juu huoni kitu, chini makaa yanawaka mpaka jioni. Watoto wanapita hapa peku. Moto wa ufukweni uzime kwa maji, ukoroge, umwage tena."

Avelina akasema, "Ahsante, kaka Florian. Kweli kabisa."

Kweli kabisa! Maneno mawili tu, lakini Valeriani aliyatafuna asubuhi nzima. Ndiyo, jamaa alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Siku ya tatu, mchana, magunia ya usipa yakapakiwa. Ndipo mwera ukaanza. Kwanza turubai lilipigapiga, kisha maji yakabadilika rangi. Wimbi moja likalamba tairi la mbele, likarudi na mchanga uliokuwa chini yake.

"Baba Hildegardi, tuondoke!" Avelina akapiga kelele.

Valeriani akarukia usukani. Pembeni mwa maji hapakupitika tena, kwa hiyo akakata kona kali kuelekea juu, kwenye mchanga mkavu. Gari likaenda hatua kumi likasita. Akafanya kama kwenye tope: akakanyaga mafuta kwa nguvu zote. Magurudumu yakazunguka palepale, mchanga ukaruka, na gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Akakanyaga tena. Likazidi kuzama. Nyuma, mawimbi yalikuwa yakisogea.

"Namwita Florian," Avelina akasema.

"Usithubutu! Bora ziwa lilichukue kuliko yule mtu anitoe mimi!"

Avelina akasimama mbele yake, khanga inapepea.

"Sikiliza. Posa ya Florian niliikataa mimi. Baba alitaka, mama alitaka, mimi nikasema sitaki. Yako nikaikubali. Miaka sita unamwonea wivu mtu niliyemkataa! Kama ungeuliza, ningekwambia siku ile ile. Sasa gari linakwenda, kazi inakwenda, na mwanao atakula nini? Wivu wako?"

Valeriani akafungua mlango. Wimbi likagonga bamba la nyuma. Akashuka, akakimbia mwenyewe hadi kwa Florian.

"Njoo unisaidie," alisema akihema. "Uliniambia, nikakaidi."

Florian hakumcheka. Alichukua jembe na mikeka miwili ya matete ya kuanikia usipa, akaja mbio.

"Zima injini kwanza! Kila ukikanyaga mafuta unajichimbia. Shusheni magunia." Wakayashusha, wakayabeba hadi juu ya mstari wa matete. "Sasa punguza upepo, matairi yote manne." Valeriani akabonyeza kipini cha valvu kwa kijiti. Upepo ukatoka kwa mlio, naye akaendelea mpaka tairi likabonyea chini.

"Inatosha. Usiumalize upepo wote, tairi litatoka kwenye ringi."

Wakachimba mchanga uliokuwa mbele ya kila gurudumu, wakaulainisha mteremko, wakatandika mikeka. Florian akachungulia ndani ya gari.

"Kirungu chekundu cha gia umekivuta? Magurudumu yote manne yanasukuma?"

Valeriani akaona haya. Kwa hasira alikuwa amekisahau. Akakivuta. Akasogea ampishe Florian kwenye kiti.

"Hapana," Florian akasema. "Endesha wewe, ndiyo utajua. Achia klachi polepole. Mafuta kidogo, yasizidi wala yasipungue. Usikate kona, usikanyage breki. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, acha papo hapo. Avelina, kaa pembeni, mtu asisimame mbele wala nyuma ya gari."

Valeriani akaachia klachi. Gari likatetemeka, likashika mkeka, likapanda. Taratibu, bila mbwembwe, likauvuka ule mstari wa matete. Alipogeuka kutazama, wimbi lilikuwa limefika mahali alipozama, limechukua na sufuria.

Walilala juu ya mstari usiku ule. Asubuhi, upepo ulipotulia, walipakia magunia, akarudi na matairi laini, kwa mwendo mdogo, mpaka barabarani. Hapo akashika pampu, akajaza matairi yote manne kabla ya kuanza mlima. Mikono ilimuuma, na hakulalamika.

Mbinga, mwenyekiti alilizunguka gari. "Halina hata mkwaruzo! Wenzetu wengi wanasema ufukwe ule unameza magari. Ulifanyaje?"

Valeriani alitamani kusema, "Udereva tu, mzee." Maneno yalishafika ulimini. Akayameza.

"Lilizama. Alinitoa Florian, mtu wa Ngumbo. Amenifundisha."

Mwenyekiti akakuna kidevu. "Tunapata gari la pili mwezi ujao. Huyo Florian anafaa?"

Jamani! Roho ilimkwaruza Valeriani kweli kweli.

"Anafaa, mzee."

Basi Florian akapanda milimani, na mwaka ule magari mawili ya chama yalishuka ziwani kila wiki. Hakuna lililozama. Vibarua walikula usipa hadi wakaomba maharage.

Siku aliyowasili, Florian alikula chakula cha mchana kwa Valeriani. Avelina akampakulia mgeni minofu mikubwa ya nyama. Valeriani aliiona minofu ile, na wivu ukampanda mpaka kooni. Akachukua jagi, akamnawisha Florian mikono yeye mwenyewe.

"Kula upesi," alimwambia. "Mchana huu nataka unionyeshe tena lile la kuachia klachi polepole. Bado sijalielewa."