Kompyuta Ilipoukataa Mlango wa Nne

Saa sita mchana, mwaka 1995. Chumba cha nyuma, kilabu cha rubisi, Kirushya.

Celestini alichovya kidole kwenye pombe, akachora mezani ghala la dawa za wakimbizi. Emilian angeleta lori. Koleta, mdogo wake Emilian, mchapaji wa ghalani, angeiamuru kompyuta izime kengele ya mlango wa nne, ule uliotobolewa juzi.

"Mzee, mashine haiagizwi kama mbwa," Koleta akasema. "Kiini chake kinakagua kila unachokipa: mlango upi, muda gani, nani anaomba. Ukikosea kimoja, hakifanyi kitu. Kinakurudishia namba ya kosa. Ngoja programu yangu iisome kwanza."

"Iisome ya nini?" Celestini akafoka. "Sijakataliwa na mtu, nikataliwe na redio yenye kioo? Ukishaamuru, iandike IMEZIMWA. Basi!"

Wakacheka. Idefonsi, mbeba maboksi wao, alicheka kuliko wote, kwa meno yake ya upande mmoja. Ya upande wa pili yalikwenda siku aliyomwambia Celestini hapana.

Emilian alimtazama mdogo wake. Mama yao alimwachia huyu mmoja tu. Akajikuna shingo.

Saa nane na nusu, ghalani. Walinzi walikuwa kwenye ugali. Koleta akabonyeza. Kiini kikakagua. Mlango wa nne? Hakikuujua. Mafundi walikuwa wamefunga waya wa kengele, lakini ndani ya kompyuta milango ilikuwa bado mitatu. Kikarudisha namba ya kosa. Programu ikaitupa bila kuisoma, ikaandika: IMEZIMWA.

Koleta akatoka nje, akapunga mkono.

Celestini akatia mtaimbo mlangoni.

Jamani, kengele ililia hata ng'ombe wa kijiji cha Ntobeye wakaacha kula majani! Idefonsi akatimkia migombani.

"Umeniuza, mwanaharamu!" Celestini akamgeukia Koleta.

"Mzee, imekataa! Si ulisema isisomwe?"

Bastola ya Celestini ikajibu. Koleta akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka kutembea. Emilian akamnyanyua, akamtupia kwenye kiti cha mbele, akawasha lori. Celestini akadandia nyuma.

"Kaka," Koleta akanong'ona, kitenge kikilowa damu. "Baridi."

"Usilale. Nitukane, lakini usilale."

Njia panda. Kulia, Biharamulo na msitu wake unaomeza watu. Kushoto, hospitali, na polisi getini, bunduki begani.

Celestini akagonga bodi kwa kitako cha bastola. "Kulia! Kulia, nimesema!"

Emilian akakata kushoto, mguu wote kwenye mafuta.

Huko nyuma, juu ya turubai, Celestini alikuwa bado anatoa amri.