Tangazo la Saa Saba

"Mzike mama."

Maneno mawili tu. Simu ikakatwa.

Fundi alichomoa laini, akaivunja kwa meno, akaitumbukiza kwenye kikombe cha chai iliyopoa. Saa tano na dakika kumi asubuhi. Mjomba, bosi wake wa idara ya usalama, hakuwa mtu wa kurudia amri.

Pale redioni walimjua kama fundi mitambo aliyeletwa wiki sita zilizopita. Chini ya bisibisi kwenye begi lake kulikuwa na bastola ya Glock na pingu mbili. Mwilini alivaa sweta zito la kijivu, alilofumiwa na Shangazi, msomaji wa matangazo ya vifo pale redioni, baada ya kumwona akitetemeka kwenye chumba cha mitambo, ambako kiyoyozi hakizimwi.

"Utaniletea homa humu," alimwambia siku hiyo, akimpima mabega kwa kamba ya kiatu. "Na mimi sina mume wa kukuuguza."

Redio ile ilianza miaka ishirini na saba nyuma, kwenye stoo ya fundi cherehani. Kuta zilibandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Mwenye redio alisoma habari, mkewe akasoma matangazo ya sabuni. Shangazi, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, alipewa vifo kwa sababu hakuna mwingine aliyevitaka. Sasa walikuwa na jengo la ghorofa mbili. Asubuhi salamu, mchana muziki, jioni mpira na vijana wanaopayuka. Lakini ikifika saa saba mchana, mji mzima ulinyamaza kumsikiliza Shangazi.

Alikuwa na desturi moja. Hasomi kifo mpaka apige simu nyumbani kwa marehemu, aongee na mfiwa, asikie kilio kwa masikio yake. Hajawahi kumzika mtu aliye hai.

Hicho ndicho Fundi alichokifuata.

Aliyetafutwa aliitwa Daktari. Hakuwahi kusomea udaktari. Aliingiza nchini vichupa vya maji ya chumvi vyenye lebo ya dawa ya homa ya watoto. Katika wodi moja watoto kumi na mmoja walichomwa maji hayo, na wote walikufa. Leo saa kumi mzigo mwingine ungevuka mpaka, ndani ya lori moja kati ya malori sitini yaliyopanga foleni. Daktari peke yake ndiye aliyejua ni lipi. Hakushika simu. Dereva wake aliyekamatwa alisema jambo moja tu la maana: popote anapojificha, Daktari hakosi tangazo la saa saba, kwa sababu mama yake ni mgonjwa.

Wiki ya kwanza Fundi alijaribu kama utani.

"Shangazi, ukiombwa usome kifo cha uongo ili watu wapone?"

"Mwanangu, mtu akisikia jina la mama yake kinywani mwangu, anaacha sufuria jikoni na kukimbia. Miguu ya watu siichezei."

Usiku ule Fundi alimpigia Mjomba. "Hatasoma uongo."

"Basi?"

"Mletee kilio cha kweli."

Saa sita mchana karatasi ya tangazo ilifika. Shangazi alivaa miwani, akanyanyua simu ya mezani. Fundi alisikiliza kupitia kidude kidogo sikioni.

Upande wa pili binti wa mgonjwa, ndugu yake Daktari, alikuwa akilia mpaka sauti inakatika. Alimpeleka mama yake hospitali kwa vipimo asubuhi. Saa mbili baadaye mtu mwenye koti jeupe alimwambia mama amefariki, mwili utaletwa kwa gari.

Yule wa koti jeupe alikuwa mtu wa Mjomba.

"Pole, mwanangu," alisema Shangazi. "Umekunywa hata maji? Kunywa kwanza. Nakusubiri."

Na kweli alisubiri. Fundi alisikia bilauri ikigonga meno.

"Yuko peke yake," Shangazi alisema alipoweka simu, akijifuta macho kwa kitenge. "Nikitoka hewani nitapita kwake."

Fundi aliwasha taa nyekundu ya studio.

Saa saba kamili, Shangazi alisoma. Polepole, jina kwa jina, watoto na wajukuu.

Dakika arobaini na mbili baadaye, pikipiki ilisimama mbele ya nyumba ya msiba. Mtu aliruka bila kuizima. Hakuwa na walinzi. Mguu mmoja kiatu, mwingine ndala.

"Mama yuko wapi?"

Fundi, aliyekuwa ametangulia kufika, aliinuka kutoka kwenye mkeka wa waombolezaji. Alimpiga teke la goti, akamlaza kifudifudi, akamfunga pingu. Sekunde nne.

Alimburuta hadi stoo ya nyumba ile.

"Namba ya lori."

"Niacheni nimzike kwanza. Halafu niueni."

"Namba. Ukikaa kimya, tunamzika bila wewe, na kaburi hutaonyeshwa."

Daktari aligonga paji la uso sakafuni. Alilia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Kisha akaitaja.

Fundi aliinua simu yake ya upepo, Motorola. "Mpakani, hapa Fundi. Lori linaishia tisa nne mbili. Turubai la bluu."

Sauti ya mikwaruzo. Dakika sita.

"Tumelikamata. Vichupa elfu arobaini. Hongera."

Ndipo gari la wagonjwa lilipoingia. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mama mzee alishuka taratibu, ameshika mkoba wake, akashangaa mikeka.

"Nani amefariki?"

Binti alipiga yowe, akaanguka. Ndani ya stoo Daktari aliitambua ile sauti. Akaacha kulia.

"Mama yangu, mzima," alisema taratibu. "Mmenifanyia hivi na mama yangu?"

"Kumi na mmoja walikuwa na mama pia," alisema Fundi.

Getini alisimama Shangazi, na kilo mbili za sukari za msiba mkononi. Aliangalia mama mzee. Aliangalia pingu. Mwisho alimwangalia Fundi wake, na bastola kiunoni.

"Yule binti alikuwa analia kweli."

"Ilibidi, Shangazi."

"Kuna watoto watapona?"

"Wengi."

"Nashukuru kwa hao." Aliweka sukari chini, akampepea binti kwa ncha ya kitenge mpaka akafumbua macho. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Vua sweta langu."

Fundi alilivua. Alilikunja vizuri, mikono ndani, akamwekea kiganjani. Alivaa miwani ya jua, akaingia kwenye Land Cruiser, akaondoka bila kuangalia kioo cha nyuma.

Kesho yake, saa saba kamili, akiwa kilomita mia mbili kutoka pale, aliwasha redio.

Likaja tangazo la sabuni. Likafuata lingine la sabuni. Kisha kijana mmoja akapayuka kwamba leo vifo havitasomwa, tuburudike na muziki.

Fundi alizima redio. Alipandisha kioo cha dirisha, maana kulikuwa na baridi, akakanyaga mafuta.