Ng'ombe Watano, Nyasi za Wawili

Kila asubuhi Mokeira hukata nepia, nyasi ndefu za kulisha ng'ombe, kabla ya kwenda kuchuma chai. Yeye ni mjane na anaishi karibu na Birongo. Shamba lake ni ekari moja na nusu, na nusu ekari ni nepia. Boma lake lilikuwa na ng'ombe watano, wote wamekonda hadi mbavu zinahesabika.

Ng'ombe hao walikuwa mahari ya binti yake, Marion. Kwa desturi, mahari ya dada humsaidia kaka yake kuoa. Kwa hiyo Ochoki, shemeji yake Mokeira, ndugu wa marehemu mumewe, alishatoa amri: hakuna kuuza hata mmoja mpaka Mose aoe. Mose ni mwana wa Mokeira. Wakati huo alikuwa bado chuoni, na hata mchumba hakuwa naye!

Januari, jua likiwa kali, ng'ombe mweusi alishindwa kusimama. Alikuwa na mimba ya miezi minne, na ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Majirani walisaidia kumwinua kwa kamba. Mokeira aliogopa sana kumpoteza. Akampigia simu Anyiko, afisa wa mifugo. Kwao Anyiko ni kando ya ziwa na hajui Ekegusii, basi waliongea Kiswahili.

"Ugonjwa sioni," Anyiko alisema baada ya kumpima. "Hii ni njaa, mama Mose."

Alifungua kompyuta yake ndogo juu ya kiti.

"Hapa kuna programu ya kuigiza kundi la ng'ombe," alisema. "Tunaiambia ng'ombe ni wangapi, wanatoa maziwa kiasi gani, nyasi ni kiasi gani. Yenyewe inaendesha boma hilo mwezi kwa mwezi, miaka mitano. Wanakula, wanazaa, wanakufa. Tunakosea huko ndani, ili hapa nje wasife."

Ochoki, aliyekuwa amekuja kuona, alijibu yeye, kama mwenye boma. "Andika lita nane kila ng'ombe. Nepia iko mingi. Na kila mwaka zinazaa."

Kompyuta ilionyesha ng'ombe kumi na wawili baada ya miaka mitano. Ochoki alipiga makofi.

"Mmeona? Hata kompyuta imekataa kuuza!"

Hasira ilimpanda Mokeira. "Shemeji, hizo lita nane ulikamua wewe? Mimi ndio nakamua. Zote tano hazifikishi lita sita. Na hakuna imezaa tangu mwaka juzi."

"Unaniaibisha mbele ya mgeni?"

"Aibu ni hiyo ng'ombe inainuliwa na kamba."

Anyiko hakucheka, ingawa alitaka. "Mzee, kompyuta haijui boma lenu. Inajua tu kile mnaiambia. Ukiipa uongo, inakurudishia uongo."

"Basi nitapima," Mokeira alisema.

Aliazima mizani ya kupimia majani ya chai. Kwa wiki nzima alipima nepia aliyokata na maziwa aliyokamua. Nepia ilikuwa kilo mia moja na ishirini kwa siku. Anyiko aliporudi alimweleza kwamba ng'ombe mmoja mkubwa wa maziwa anahitaji kama kilo sitini.

Waliingiza hesabu za kweli. Ndani ya kompyuta, kwa ng'ombe watano, yule mweusi alikufa kabla ya kuzaa, na baada ya miaka mitatu walibaki wawili dhaifu. Kwa ng'ombe wawili, wote waliishi na kuzaa.

"Huu si utabiri," Anyiko alionya. "Ugonjwa unaweza kuja. Lakini sasa unajua njia gani ni ya hatari zaidi."

"Nitauza tatu," Mokeira alisema.

"Nitaita wazee!" Ochoki alifoka.

"Waite. Wakikuja, kila mmoja abebe mzigo wa nepia."

Wazee wanne walikuja. Walikuja mikono mitupu. Mokeira aliwapa chai, akasikiliza maneno yao yote, na siku ya soko akawapeleka ng'ombe watatu kuuza. Watu walisema mengi. Yeye aliendelea kukata nepia, na sasa wawili waliobaki walikula wakashiba.

Mwezi wa Juni yule mweusi alizaa ndama jike. Akaanza kutoa lita kumi na moja kwa siku. Ochoki alikuja kuangalia, akazunguka boma mara mbili.

"Huyu ndama ni mzuri," alisema. "Wewe mweke na hizo mbili. Mahari ya Mose."

"Siku Mose ataoa, tutapeleka ng'ombe hai," Mokeira alijibu. "Siwezi kwenda kuomba binti ya watu na mifupa. Hii boma ni ya ng'ombe mbili. Huyu akikua, moja inaondoka. Na anayeamua ni mimi, kwa sababu nyasi nakata mimi."

Ochoki alimpapasa ndama kichwani. Kisha akauliza kama kuna maziwa ya chai, na Mokeira akampimia lita moja.