Jioni ya Tisa ya Jenerali Quiroa

Gari jeusi lilimkuta Hermelinda Cux kwenye kichochoro, mishumaa ikiwa chini ya shali yake. Jua lilikuwa linazama nyuma ya volkano. Maduka yote ya mji mkuu yalikuwa yamefungwa kwa mgomo, hivyo ilimbidi apitie mlango wa nyuma wa mtengeneza mishumaa.

Kapteni Larios akashusha kioo.

"Mama Herme, panda."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Panda, mama. Usinitie matatani."

Akapanda. Kazi yake ilikuwa kuongoza sala za wafu. Mtu akishazikwa, Hermelinda husali nyumbani kwa marehemu jioni nane. Jioni ya tisa huzima mishumaa mmoja mmoja, na roho huenda zake. Hakuwa amewahi kuacha sala ya mtu njiani.

Ila mara moja.

Ikulu ilikuwa kimya. Mlangoni pa chumba cha kulala alisimama Bibi Basilia, mama yake Jenerali, mkongojo mkononi.

"Umezeeka, Hermelinda."

"Nawe pia, mama."

Walijuana. Miaka kumi na mitatu nyuma, Anselmo Quiroa alikuwa sajini tu. Maasi yalipozuka kambini, alipigwa risasi tatu za kifua. Hermelinda ndiye aliyemfunga taya kwa kitambaa, akamwona akishushwa kaburini, akamsalia jioni nane. Ya tisa, Basilia alimzuia mlangoni. Alikuwa ametoka kwa mganga wa kule ziwani, matope bado mbichi kwenye viatu vyake. "Inatosha," alisema.

Wiki ileile sajini akaonekana juu ya farasi, sare imefungwa vifungo mpaka kooni.

Mwaka haukuisha akawa kanali. Kisha akawa jenerali, kisha ikulu ikawa yake. Watu walisema aliyezikwa ni mwingine. Tiburcio, mumewe Hermelinda, mchunga nyumbu, akalewa siku moja na kusema kilabuni, "Kaburi lile nililichimba kwa mikono yangu!" Alfajiri askari wakamchukua.

Miaka tisa sasa. Hata kofia yake haikurudi.

"Tangu watu waache kumwogopa," Basilia alinong'ona, "mwili wake umeanza kukumbuka kaburi. Msalie jioni nane. Nane tu, kama ile mara. Atapata nguvu tena."

"Na nikikataa?"

Kapteni Larios alitazama viatu vyake.

Kwa hiyo akasali. Kila jioni gari lilimfuata, kila jioni alipiga magoti mbele ya pazia jeusi. Chumba kilinuka ubani na kafuri, na chini yake... udongo mbichi. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda, na kitandani kulikuwa na kitu kinachopumua kwa kusahausahau. Pumzi moja. Kimya kirefu. Pumzi nyingine.

Jioni ya nane, kikasema.

"Hermelinda."

Nywele zikamsimama.

"Leo ukimaliza, nitakwambia Tiburcio yuko wapi."

Miaka tisa alikuwa ameuliza swali hilo makambini, hospitalini, kwa mapadri. Alikuwa amefukuzwa kote.

"Niambie kwanza."

"Maliza kwanza."

Alisali taratibu, akivuta kila neno. Kwenye kiti chake Basilia akasinzia. Dirishani mwanga ukafifia. Akavuta, akavuta... mpaka kengele ya kanisa kuu ikalia. Kwa hesabu ya kanisa, kengele hiyo ikilia, siku mpya imeingia. Sasa ilikuwa jioni ya tisa.

Hermelinda hakuinuka. Alianza upya, tangu neno la kwanza.

"Unafanya nini?" sauti ikauliza.

"Nasali, Jenerali."

Akalowesha vidole kwa mate, akazima mshumaa wa kwanza.

Pazia likatikisika. Basilia akagutuka, akatambaa sakafuni na kumshika sketi. "Hermelinda, usinifanyie hivi! Ni huyu mmoja tu niliye naye!"

"Nami nilikuwa na mmoja tu, mama."

Wa pili. Wa tatu. Mlango ukafunguliwa. Kapteni Larios akasimama hapo, mkono kwenye bastola. Akatazama mishumaa. Akamtazama mwanamke mzima akilia sakafuni. Kisha akarudi nyuma na kuufunga mlango polepole, kama mtu aliyekosea chumba.

"Hermelinda! Nitakuambia! Kwenye machimbo..."

Angenyamaza dakika moja tu, angesikia. Lakini aliijua sauti hiyo. Dakika moja ingekuwa miaka mingine kumi na mitatu.

Akazima wa tisa.

Gizani, kitu kizito kilidondoka. Ilikuwa jozi ya viatu vya kijeshi. Kapteni alipoleta taa, kitandani palikuwa na sare tu, imefungwa mpaka kooni, na udongo mkavu ukimwagika kutoka mikono ya sare.

Asubuhi redio ilitangaza kuwa Jenerali amejiuzulu na kwenda ng'ambo kwa matibabu. Watu walicheza barabarani. Wiki moja baadaye gazeti likatoa picha yake akishuka melini, kofia imemfunika uso.

"Si unaona, Mama Herme?" jirani alisema. "Shetani ana tiketi ya daraja la kwanza."

Hermelinda aliitazama picha kwa muda mrefu.

Jioni hiyo, jikoni kwake, moto wa kuni uliinama wenyewe. Harufu ya udongo mbichi ikaja. Kisha sauti, pale nyuma ya gunia la mahindi.

"Machimbo ya chokaa ya Santa Inés. Watu kumi na wanne. Eusebio Pacay. Domingo Xol..."

Alishika mshumaa. Alijua la kufanya ili kuifukuza, maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini Domingo Xol alikuwa mtoto wa jirani yake.

Akaisikiliza mpaka mwisho.

Watu walichimba, wakawakuta kumi na wanne. "Umejuaje?" wakamuuliza. "Nimeota," akasema. Jioni ya pili sauti ilitaja kisima. Ya tatu, shamba la kahawa. Akina mama walianza kupanga foleni mlangoni kwake, kila mmoja na jina la mtu wake.

Jina la Tiburcio halikutajwa, hata kati ya wale kumi na wanne wa machimbo.

"Kesho," sauti ilisema kila mara.

Mwanzoni ilikuwa sauti tu. Jumapili ilivuta kiti. Jumatatu, hatua zilitembea kutoka kwenye gunia mpaka mezani.

Jumanne, jua likizama, mlango ukagongwa. Alikuwa Bibi Basilia, peke yake, miguu peku, mavumbi mpaka magotini.

"Kwangu hakuja," alinong'ona. "Usiku kucha namwachia mlango wazi. Amekuja kwako?"

Hermelinda alijisogeza, akaujaza mlango kwa mwili wake.

"Hapana, mama."

Nyuma yake, jikoni, kikombe kiliguswa.

Basilia alinusa hewa. Macho yake yakajaa machozi, kisha uso ukalegea, ukawa kama wa mtu aliyetua mzigo. Akageuka kuelekea barabarani.

"Kahawa yake," alisema bila kutazama nyuma, "usiitie sukari."