Kilo Sitini za Ziada

Shemeji yangu anafanya kazi kwenye mizani ya malori, na ndiyo maana nyumbani tunamwita Mpimaji. Ni mtu wa kupima kila kitu. Ukimpa mkoba akushikie, atautikisa kidogo na kusema, "Huu kilo kumi na mbili," na ukienda kuupima utakuta kweli. Dereva akimbishia kazini kwamba lori lake halijazidisha, Mpimaji hapandishi sauti. Anamwonyesha tarakimu na kumwambia, "Mizani haina kosa." Dada yangu alimkubali akijua yuko hivyo, kwa hiyo hatuna wa kumlaumu.

Mimi nina duka la dawa. Nina mizani yangu pia, ile ndogo ya mlangoni ya wateja. Nalitaja hilo mapema kwa sababu litakuja kuhitajika.

Dada alikuwa na mimba ya miezi saba na gari lao la zamani lilikuwa limechoka. Kwa miezi mitatu lilikuwa linalalia nyuma upande wa kushoto, na mafundi wawili walibadilisha springi bila kuambulia kitu. Mpimaji akaamua kununua gari la umeme. Baada ya wiki nyingi za kutuchosha na maelezo ya betri wakati wa chakula, alibakiwa na magari mawili, yote ya familia, yale ya juu, bei zake zikikaribiana. Jeupe lilikwenda mbali zaidi kwa chaji moja. La kijani lilikwenda pungufu kidogo, ila lilibeba mzigo mkubwa zaidi.

"Swali ni moja tu," alisema muuzaji, mama mcheshi aliyetuita wote "wapenzi wangu". "Mnataka kwenda mbali au mnataka kubeba?"

"Kwenda mbali," alisema Mpimaji, hata kabla mama hajamaliza.

Tukapewa jeupe Jumamosi na la kijani Jumapili, tuyajaribu. Jumamosi asubuhi Mpimaji alishika usukani, dada akakaa mbele na tumbo lake, mimi nikakaa nyuma upande wa kulia. Gari la umeme halina mngurumo. Lilivyokuwa kimya, nilisikia saa ya dada ikigonga mkononi mwake. Nikasikia pia mtu akimeza mate, karibu sana na sikio langu la kushoto. Nilitazama kile kiti. Kilikuwa kitupu, nikajiambia ni mimi mwenyewe.

Tulizunguka kilomita ishirini. Kwenye kioo cha dashibodi, betri ilijipunguzia kilomita ishirini na tatu. Kwa mtu mwingine hilo si neno. Kwa Mpimaji ni kashfa. Akateremka, akatuambia mimi na dada tuzunguke njia ile ile bila yeye. Tulirudi tumetumia ishirini kamili. Dada alimtania kwamba gari limemkataa, naye hakucheka.

Mchana akatupeleka kazini kwake. Siku za mwisho wa wiki malori ni machache, na mwenzake wa zamu alitupisha bila maswali. Mizani ile ni bamba refu la chuma lililolala sawa na barabara, na pembeni pana kibanda chenye dirisha na tarakimu nyekundu. Inasoma kwa hatua za kilo ishirini. Mpimaji alikuwa na hesabu kichwani: gari jeupe tupu ni elfu moja mia tisa, yeye themanini, dada themanini na mimba, mimi sitini. Ilitakiwa isome elfu mbili mia moja na ishirini.

Ilisoma elfu mbili mia moja na themanini.

"Kilo sitini," alisema, akanitazama mimi. "Kama vile wewe umepanda mara mbili."

Alisema karatasi za gari zinadanganya. Gari jeupe likaishia hapo.

Jumapili tukaja na la kijani, na hesabu yake mpya. Sitini zilikuwepo vilevile. Mpimaji akawa anapangusa viganja kwenye suruali. Akasema tushuke mmoja mmoja, na mimi nikasome dirishani. Dada alishuka, akaenda kukaa ofisini na miguu juu ya kiti. Zikapungua themanini zake. Mimi nilikwisha kushuka, na sitini zangu zilikuwa zimetoka. Zile sitini za ziada bado zilikuwepo. Kisha akashuka yeye, akatembea hadi ukingoni mwa lami.

Tarakimu zikashuka hadi uzito wa gari tupu. Kamili, bila kilo moja juu.

Nilimwita. Aliona uso wangu. Aliliondoa gari, akarudi kwa miguu na kusimama katikati ya bamba, peke yake, jua la saa tisa likimwangaza. Nikasoma. Nikafuta kioo kwa kiganja, nikasoma tena.

"Ngapi?"

"Mia na arobaini."

Alikaa chini pale pale juu ya chuma. Nilitoka nikachuchumaa pembeni, nje ya bamba. Alinisimulia kwa mnong'ono, akitupia jicho mlango wa ofisi.

Miezi mitatu nyuma, jioni yenye mvua, foleni ilikuwa ndefu na dada alikuwa anamsubiri kliniki. Lori moja lilizidisha tani sita. Kulizuia kungemchukua saa nzima ya makaratasi. Alimpungia dereva mkono apite, na kwenye kumbukumbu akaandika uzito halali. Kwenye mteremko breki zilishindwa. Mwalimu wa chekechea alikuwa kando ya barabara akingoja kuvuka. Dereva alisema gari lilizidi uzito, kumbukumbu ikasema halikuzidi. Mpaka leo dereva yuko rumande.

"Mama wa yule mwalimu alikuja hapa," alisema. "Baada ya mazishi. Hakulia. Alisimama hapa nilipokaa, akaniuliza, 'Wewe ndiye mpimaji?' Nikamwambia ndiyo. Akasema, 'Mwanangu alikuwa na kilo sitini. Nilimpima mwenyewe. Akipanda, utajua.' Akaondoka."

Nilivuta miguu nyuma, mbali na ukingo wa bamba.

"Nataka kwenda polisi," alisema. "Nataka kumwambia dada yako leo."

Hapa ndipo niliposema maneno ambayo ningetoa chochote kuyarudisha. Nilimwambia anyamaze. Atafungwa, nikamwambia, na dada atajifungua peke yake. Nikamwambia mambo hayo yatazamwe baadaye. "Mtoto kwanza," nilisema. Nikampa mkono juu ya hilo, naye akaushika. Nilipoinuka, magoti yalikuwa mazito, nikadhani ni kuchuchumaa.

Jumatatu, kabla ya kufungua duka, nilipanda mizani ya mlangoni. Tisini. Nikashuka, nikavua viatu, nikapanda tena. Tisini. Nguo zilinikaa kama kawaida, uso kwenye kioo ulikuwa ule ule. Nilimpigia.

"Umejipima?"

"Mia na kumi," alijibu taratibu. "Tumegawana."

Wiki hiyo hiyo akanunua gari la kijani. Dada alishangaa, maana wimbo wa nyumbani ulikuwa ni jeupe, jeupe, jeupe. Muuzaji naye alimuuliza kilichombadilisha mawazo.

"Linabeba," alisema Mpimaji, akatia sahihi.

Nilijifunza kuishi na zile thelathini. Ngazi zilinichosha. Godoro lilibonyea pembeni yangu, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Wateja walipopanda mizani mlangoni nilitazama pembeni. Na Mpimaji tulikuwa tukikutana, tunaulizana hali ya dada, basi.

Ijumaa moja nilimpeleka dada kliniki kwa lile gari la kijani. Muuguzi alimpandisha kwenye mizani, akakunja uso, akamshusha, akampandisha tena.

"Mama, wiki iliyopita uliandikwa themanini na mbili. Leo mia moja na mbili. Hii mashine imeharibika."

Akaenda kuleta nyingine. Dada alibaki amesimama, mkono juu ya tumbo, akitazama ukuta.

"Mume wangu aliniambia Jumanne," alisema kwa sauti ya chini. "Hali, halali. Alitaka kwenda kujisalimisha. Nimemwambia anyamaze kwanza." Akanigeukia. "Mtoto kwanza. Au nimekosea?"

Muuguzi alikuwa bado hajarudi na mizani ilikuwa wazi, nikapanda. Themanini. Kumi zangu zilikuwa zimeondoka. Nitasema ukweli hapa, kwa kuwa sehemu nyingine sikuusema: nilifurahi. Dada yangu mjamzito alikuwa amesimama mbele yangu na kilo ishirini za maiti mwilini, na mimi nilivuta pumzi nikahisi nafuu.

Usiku huo nilijiapiza kwamba akishajifungua tu, tunakwenda kituoni wote watatu. Nilihesabu majuma. Nilijiambia kwamba uzito unamfuata anayejua na kunyamaza, na mtoto hajui kitu. Hesabu hiyo ilinituliza, na nikaiamini.

Dada alishikwa na uchungu siku ya kawaida kabisa, wakati mimi nikipanga dawa za kikohozi kwenye rafu. Mpimaji alimpeleka. Nilikaa dukani nikingoja simu, nikauza plasta mbili na sabuni moja. Kiasi cha saa nne asubuhi nilisikia mwili umekuwa mwepesi ghafla, kama mtu aliyevua koti. Nilijua. Hata hivyo nilikwenda mlangoni nikapanda.

Sabini na tano.

Nilisimama pale juu nikigawa sitini kwa watu, nikagawa tena kwa vidole. Kwa watatu inatoka ishirini. Ili itoke kumi na tano lazima wawe wanne. Simu ikaita.

"Mtoto wa kike," alisema Mpimaji. Nyuma yake nilisikia kilio chembamba, na vyuma vikiburutwa sakafuni. "Mzima. Dada yako mzima. Ni mdogo, shemeji, anaenea kwenye kiganja na mkono wangu tu." Akashusha sauti. "Mizani imesoma kumi na nane. Wamebadilisha ya pili, ikasoma hivyo hivyo. Sasa wanatafuta ya tatu."

"Waambie waache kutafuta," nilisema. "Mizani haina kosa."

Alikuwa analia, na sijawahi kumsikia akilia. Kisha akaninong'oneza, kama siku ile juu ya chuma, "Niambie nifanye nini."

Duka lilikuwa tupu, mlango nimeurudishia. Nilifungua kinywa nimjibu. Karibu kabisa na sikio langu la kushoto, mtu alimeza mate, akatulia, kama mtu anayesubiri naye asikie nitasema nini.